Taa Nane Zote Ziliwaka, na Mafaili Hayakufika

Nina fremu ndogo ya stationari Ilomba, hapa Mbeya, mbele ya nyumba yangu. Natoa kopi, napiga picha za paspoti, nachapa barua za maombi ya kazi, na msimu wa harusi ukifika natengeneza kadi za michango. Kompyuta ya kwanza iko fremuni. Ya pili iko chumbani ndani ya nyumba pamoja na printa kubwa ya rangi, maana fremu ni finyu na sikuthubutu kulaza mali ile barabarani. Kati ya fremu na dirisha la chumba hicho pana uwanja, mparachichi mmoja, na safari ya waya ya mita 42 nilizozipima mwenyewe kwa tepu ya mjenzi.

Kwa miaka miwili kilichounganisha kompyuta hizo ni flashi na miguu yangu. Mteja anasubiri, mimi nakatiza uwanjani na kanga kichwani kwa ajili ya mvua, flashi nimeing'ata mdomoni. Ikifika ndani ina kirusi, ikirudi fremuni ina virusi viwili. Mwishoni mwa Mei niliteleza kwenye tope mbele ya wateja watatu. Walinipa pole na kunisaidia kuokota kadi. Usiku ule nikaamua kuvuta waya wa mtandao kati ya kompyuta hizo mbili.

Utaniuliza kwa nini sikutumia Wi-Fi. Ruta yangu ya laini ya simu iko ndani, nyumba ni ya matofali ya kuchoma, na ukuta wa fremu nao ni hivyohivyo. Nikiwa fremuni simu ilionyesha mstari mmoja, nikigeuka kuchukua karatasi unapotea.

Nilikwenda Mwanjelwa na laki moja. Waya mita 50 kwa shilingi 900 kila mita, vichwa kumi vya RJ45, vile vya plastiki vinavyobanwa mwishoni mwa waya wa mtandao, kwa 300 kimoja, koleo la kubania vichwa 18,000, na testa ndogo ya kupimia waya, ya taa nane, 12,000. Jumla 78,000. Muuzaji wa waya aliniapia: "Mama, hii ni kopa tupu, hata mvua ya Tukuyu haiiwezi." Nikaamini ni shaba halisi, kwa sababu ganda lake lilikuwa limeandikwa Cat 6, jina la daraja la waya wa mtandao, kwa herufi kubwa. Sasa najua cha kufanya dukani kabla ya kutoa pesa: chuna uzi mmoja, ukwangue kwa wembe. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa kopa. Inafanya kazi kwa muda, lakini inavunjika ukiikunja mara chache, na kwa safari ndefu inadhoofisha mawasiliano kuliko kopa halisi. Wangu ulikuwa mweupe ndani kama jino.

Kubana vichwa nilijifundisha mwenyewe. Nilipochuna ganda nilikuta nyuzi nane, mbili mbili zimesokotana: wa chungwa na mweupe wenye mstari wa chungwa, wa kijani na mweupe wake, wa bluu na mweupe wake, wa kahawia na mweupe wake. Niliwahi kusikia kwamba la muhimu ni kupanga pande zote mbili sawasawa. Basi nikazipanga jozi kwa jozi, nadhifu kama vitenge dukani: mweupe-chungwa, chungwa, mweupe-kijani, kijani, mweupe-bluu, bluu, mweupe-kahawia, kahawia. Upande wa pili hivyohivyo. Shika mpangilio huu kichwani, ndio ulionila wiki mbili na nusu.

Nikachomeka testa. Taa zikapita moja, mbili, tatu, mpaka nane, pande zote mbili, kwa mfuatano, bila kuruka. Nilimwita mwanangu wa kidato cha pili aje aone. Nilijisikia fundi.

Tulipochomeka kwenye kompyuta ya fremuni, kwanza ilisema mtandao hautambuliki. Nikaandika ipconfig kwenye dirisha jeusi la amri, ikanipa anwani, ile namba inayoitambulisha kompyuta kwenye mtandao, inayoanza na 169.254. Anwani ya namna hiyo Windows hujipa yenyewe pale inapoomba anwani kwa ruta na isijibiwe. Yaani kompyuta ilikuwa inaita na hakuna aliyeisikia. Hilo pekee lingetosha kunirudisha kwenye waya. Lakini testa ilikuwa imeniambia waya mzima, na mimi niliiamini testa kuliko kitu kingine chochote kilichokuwa mbele yangu.

Nikaanza kuitibu kompyuta. Siku ya pili niliondoa draiva ya mtandao, programu inayoendesha kadi ya mtandao, na kuiweka upya. Siku ya tatu nilizima fayawoli, mlinzi wa Windows anayezuia wageni wa mtandaoni, pande zote mbili. Siku ya nne niliacha kusubiri anwani kutoka kwa ruta, nikaandika ya kwangu kwa mkono, 192.168.1.5, nikajaribu amri ya ping, inayotuma vifurushi vya data na kusubiri majibu, kwenda kompyuta ya ndani. Majibu manne kati ya manne! Nikapiga kigelegele peke yangu. Nikaanza kunakili faili la megabaiti 300, likafika asilimia tatu, likasimama. Nikajaribu tena, asilimia moja. Mara ya tatu folda yenyewe ikatoweka.

Jambo ambalo sikulijua ni kwamba ping ya kawaida ya Windows hutuma vifurushi vinne tu, kila kimoja cha baiti 32. Ni sawa na kupima daraja kwa kumpitisha kuku. Kuku akivuka haina maana lori la viazi litavuka. Siku hizi naandika ping -n 100 -l 1400 kisha anwani ya upande wa pili, ili vipite vifurushi mia vyenye uzito, halafu nasoma asilimia iliyopotea.

Na ile anwani niliyojiandikia ilileta balaa lake. Ruta ilikuwa imeshaitoa 192.168.1.5 kwa simu ya mwanangu. Sasa simu na kompyuta zikawa zinagombea jina moja. Mara huyu anapata intaneti, mara yule. Siku ya sita nikaleta ruta ya zamani iliyokuwa kabatini, nikaiweka fremuni nikidhani itaongeza nguvu. Hiyo nayo ilikuwa imewashwa kazi ya kugawa anwani, ile inayoandikwa DHCP, na anwani yake mwenyewe ilikuwa 192.168.1.1, sawa kabisa na ruta ya ndani. Nyumba moja, baba wawili wenye jina moja. Intaneti ikakatika hata pale ilipokuwa inafanya kazi tangu mwanzo.

Nilianza na tatizo moja. Kufikia Jumapili nilikuwa nayo manne, na matatu niliyapika mwenyewe. Sikuwa nimeandika popote nilichobadilisha.

Wiki ya pili nikamwita fundi. Kijana mpole, aliniamkia vizuri, akakaa kama dakika ishirini.

"Mama, hapa kadi ya mtandao imeungua."

"Una uhakika, mwanangu? Mbona taa yake inawaka?"

"Taa inaweza kuwaka mama, lakini ndani imeshakufa."

Alikuwa sahihi kwamba taa inaweza kuwaka na kitu kikawa kibovu. Alikosea kitu chenyewe. Nikalipa 30,000 ya ufundi na 25,000 ya kadi mpya. Hali ikabaki vilevile. Nilipompigia tena akasema basi ni Windows, iwekwe upya. Sikumwita. Niliiweka upya mwenyewe, usiku, nikiwa nimechoka na nina hasira, na sikunakili pembeni folda iliyokuwa kwenye uso wa kompyuta.

Ndani ya folda ile kulikuwa na kadi za harusi za dada mmoja, zimeshasanifiwa, pamoja na orodha ya majina 180 ya wachangiaji aliyoniletea kwa mwandiko wa mkono nikamrudishia karatasi zake. Asubuhi alikuja akiwa amevaa vizuri, anaelekea kazini.

"Dada, tunaanza kugawa kadi Jumamosi. Ziko tayari?"

Nilimweleza. Hakunifokea, na hilo liliniuma zaidi kuliko angenifokea. Akauliza tu, "Kwa hiyo majina niandike upya?" Nikamrudishia kishika uchumba chake chote, yaani malipo ya kazi aliyotanguliza, 60,000, na nikajitolea kuchapa majina upya bure. Akachukua pesa, akaenda fremu nyingine. Simlaumu. Siku ile nilifunga mapema, nikakaa jikoni nikalia, na niliyekuwa namlilia si waya.

Siku tatu sikugusa kitu. Nikarudi kwenye flashi yangu.

Kisha jioni moja katikati ya Juni umeme ukakatika. Wanaoijua Mbeya ya Juni wanajua baridi yake: vidole vinagoma kufunga kifungo. Nilikuwa nimekaa karibu na jiko la mkaa, mwanangu kajifunika blanketi analalamika kuhusu chai, na mimi kwa kukosa la kufanya nikachukua ule waya mfupi uliokuja na ruta, wa kiwandani, nikaumulika kwa tochi ya simu. Kichwa chake ni cha plastiki angavu, rangi zote zinaonekana. Mweupe-chungwa, chungwa, mweupe-kijani, bluu. Nikasimama hapo. Bluu? Nikaendelea: mweupe-bluu, kijani, mweupe-kahawia, kahawia. Nikaugeuza upande wa pili, nikakuta mpangilio uleule. Uzi wa kijani na mweupe wake hawakukaa pamoja. Wameachana, na jozi ya bluu imelala katikati yao.

Nikaleta wangu, nikauweka kando ya ule. Ulikuwa mzuri kwa macho kuliko wa kiwandani.

Nilichokuja kukielewa baadaye ni hiki. Mtandao wa megabiti 100 unatumia nyuzi nne tu kati ya nane, zilizo nafasi ya 1 na 2, na ya 3 na 6. Ya 1 na 2 ni jozi, ya 3 na 6 ni jozi. Kila ishara inakwenda kwa uzi mmoja na kinyume chake kwa mwenzake, na kwa kuwa wamesokotana, kelele ya nje inawapata wote wawili sawasawa, upande wa kupokea unaitoa. Ujanja huo wa kusokota nyaya ni wa zamani, Alexander Graham Bell aliupatia hataza mwaka 1881 kwa ajili ya simu. Mimi kwa unadhifu wangu niliweka kijani nafasi ya 4 na mweupe wake nafasi ya 3, kisha nafasi ya 6 nikaipa uzi wa bluu. Kwa hiyo ishara ilikwenda kwa uzi wa nyumba moja na kurudi kwa uzi wa nyumba nyingine, kila mmoja kasokotana na mtu asiyemhusu. Kelele zikajaa njiani.

Na kwa nini bluu akae katikati? Ni urithi wa simu za mezani: plagi zake zilitumia nyuzi mbili za katikati, basi walioweka kanuni wakaziachia nafasi ya 4 na 5. Angekuwapo mtu wa kunieleza hivyo siku ya kwanza nisingeusahau mpangilio maishani. Mpangilio wenyewe unaitwa T568B. Upo na T568A, ambao unabadilishana chungwa na kijani. Wowote ule unafaa ikiwa pande zote mbili umetumia ule ule.

Testa haikudanganya. Ile ya bei rahisi inauliza swali moja tu: je, uzi wa kwanza huku ndio uzi wa kwanza kule? Ndiyo, ulikuwa ndio. Haiulizi nani kasokotana na nani. Kosa hili ndilo linalowanasa wengi, kwa sababu kwenye waya mfupi halionekani. Nilijaribu makusudi: nikatengeneza kipande cha mita moja kwa mpangilio wangu mbovu, kikafanya kazi bila shida. Ndiyo maana utakutana na mtu anakwambia "mimi miaka yote napanga hivyo na inakubali." Muulize waya wake una mita ngapi.

Asubuhi, kabla sijakata kichwa chochote, nilifanya jambo lililopaswa kufanywa siku ya kwanza. Nilibeba kompyuta ya fremuni mpaka ndani, nikaiunga kwenye ruta kwa ule waya mfupi wa kiwandani. Nikaacha ijipatie anwani yenyewe. Ikapata palepale. Faili la megabaiti 300 likapita kama nusu dakika. Dakika kumi za kubeba kompyuta zingeniokolea 55,000 za fundi na kadi, na harusi ya mtu. Kama kitu kinafanya kazi kwa waya mfupi na hakifanyi kwa mrefu, usifungue tena mipangilio ya Windows, nenda kashike waya.

Nikabana upya vichwa vyote viwili. Safari hii nilizingatia mambo mawili mengine ambayo mara ya kwanza niliyapuuza. Nyuzi nilizifumua kidogo sana, isizidi sentimita moja na robo, maana ukifumua sentimita nne ili upate raha ya kupanga, umeua kazi ya msokoto pale pale mlangoni. Na ganda la nje nililiingiza ndani ya kichwa ili koleo lilibane lenyewe. Mwanzoni lilikuwa limebaki nje na nyuzi tupu ndizo zilizobeba uzito. Waya pia niliutenga na ule wa umeme unaokwenda fremuni. Nilikuwa nimeufunga nao kwa kamba njia nzima ili uonekane umetulia, na kwa usalama tu haufai kulala na umeme.

Kabla ya kubana upya nilikuwa nimepima kwa vifurushi mia: 37 vilipotea. Baada ya kubana, sifuri. Nikarudia mara tatu kwa kutoamini.

Usidhani iliishia hapo. Zile takataka nilizoziongeza zilikuwa bado zipo, na ilinichukua siku nzima kuziondoa, moja moja, daftari mkononi, napima kila baada ya badiliko. Anwani ya kuandika kwa mkono nikaifuta. Ruta ya fremuni nikaipa anwani 192.168.1.2, nikaizima kazi ya kugawa anwani, na waya nikauchomeka kwenye tundu la kawaida, si lile la rangi tofauti la kuingizia intaneti. Kwa namna hiyo ikawa swichi tu, kifaa cha kuunganisha nyaya bila kugawa anwani. Fayawoli nikaiwasha tena. Sababu ya folda kutoonekana haikuhitaji kuizima: Windows iliuchukulia mtandao wangu kuwa wa hadharani, "Public". Ukiubadilisha kuwa "Private" kwenye mipangilio na kuruhusu kushiriki mafaili, inatosha.

Bado ikanikatalia kuingia, inadai jina na nywila. Kompyuta ya ndani haikuwa na nywila kabisa, na Windows kwa kawaida haimruhusu mtu aingie kupitia mtandao kwa akaunti isiyo na nywila. Nikaiwekea, nikaingia. Hilo dogo lilinila saa mbili.

Kuanzia hapo kazi ilinoga. Mteja anachagua picha, nabonyeza, printa inalia ndani, mwanangu anatoka na karatasi. Ila ule waya wa alumini ulivunjika Septemba, pale unapokunjwa kwenye fremu ya dirisha, baada ya upepo kuuchezea. Safari hii nilinunua wa kopa, ganda jeusi la nje, 1,800 kwa mita, mita 50, elfu tisini. Niliukwangua mbele ya muuzaji. Alicheka, akasema mama umeshaumwa na nyoka. Nikijumlisha yote, na kishika uchumba cha yule dada nikakiingiza, ni 283,000 kwa kazi niliyoipigia hesabu ya laki.

Kisha mvua za kwanza za Novemba zikaja na radi zake. Haikupiga nyumba, ilipiga mahali fulani kuelekea mlimani, lakini ruta ya fremuni ilikufa na tundu moja la ruta ya ndani likafa nayo. Waya wa kopa unaounganisha majengo mawili ni njia ya radi kama ulivyo njia ya mafaili. Wanaojua wananiambia kati ya jengo na jengo dawa ni faiba, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme, pamoja na vigeuzi viwili vya kubadili ishara ya umeme kuwa mwanga na kuirudisha, kimoja kila upande. Naweka akiba.

Kwa sasa, mawingu yakianza kukaa juu ya mlima Loleza, nachomoa waya pande zote mbili, nauning'iniza mbali na meza, natafuta kanga. Flashi iko kwenye droo ya kwanza, mkono wa kulia.